Vielelezo vya Wadudu Vinapoharibika: Kusoma Dalili Kabla ya Kutibu

Mdudu aliyekaushwa vizuri, akachomwa pini isiyoshika kutu na kufungiwa katika droo kavu yenye giza, anaweza kudumu zaidi ya miaka 200. Yapo makumbusho ya Ulaya ambayo hadi leo yanahifadhi wadudu waliokusanywa katika karne ya 18. Aliyewekwa vibaya anaweza kugeuka unga katika muda wa miezi michache. Uharibifu mwingi unaoonekana katika makusanyo unatokana na makosa machache yanayojirudia, na baadhi yake husababishwa na tiba iliyotangulia uchunguzi. Mtu huona weupe juu ya mgongo wa kerengende, hudhani ni kuvu, huufuta kwa spiriti, kumbe ulikuwa unga wa nta ambao mdudu mwenyewe aliutoa akiwa hai na ambao mtaalamu huutegemea kumtambua.

Kwa sababu hiyo, kila hatua iliyoelezwa hapa huanza na vitu vitatu: kioo cha kukuzia, kipima unyevu ndani ya kabati, na daftari. Piga picha ya kielelezo pamoja na lebo zake kabla ya kukigusa, na uandike ulichokiona. Kielelezo kilichotumika kuielezea spishi kwa mara ya kwanza katika taaluma kisitibiwe na mtu yeyote bila idhini ya msimamizi wa mkusanyiko, hata kama tatizo linaonekana dogo.

Onyo moja linahusu kazi yote. Makusanyo ya zamani yaliwahi kutiwa kloridi ya zebaki au aseniki ili kuwazuia wadudu waharibifu, na sumu hizo hazipotei kwa miaka. Ukikuta droo ya zamani ambayo historia yake haijulikani, vaa glavu za nitraili, usipulize vumbi kwa mdomo, na usile wala kunywa katika chumba hicho. Ukiona unga wa kijivu au mweupe usioeleweka juu ya vielelezo vingi vya umri mmoja, funga droo na uombe vipimo vya maabara kabla ya kuendelea.

Unga wa kahawia umerundikana chini ya kielelezo

Hii ni dalili inayoonekana mara kwa mara, na mara nyingi ina sababu moja: mabuu ya mbawakawa wa makumbusho, jamii ya Anthrenus na ndugu zake wa familia ya Dermestidae. Mbawakawa mwenyewe ana urefu wa milimita 2 hadi 4 tu na hula chavua ya maua, hivyo huonekana dirishani akitafuta njia ya kutoka. Anayeharibu ni buu lake lenye manyoya, ambalo huingia ndani ya mwili wa kielelezo na kuula polepole hadi libaki ganda. Thibitisha kwa kutafuta ngozi zilizovuliwa: maganda mepesi ya rangi ya kahawia yenye manyoya, aghalabu kwenye pembe za droo. Ukizipata, jambo limekwisha kujulikana.

Sababu ya pili ni chawa wa vitabu, vijidudu vya rangi hafifu visivyozidi milimita 2. Hawa hula kuvu na mabaki laini, na hutafuna wadudu wadogo, hasa mbawa zao na vipapasio. Uwepo wao unakuambia kwamba hewa ya droo ina unyevu mwingi, kwa hiyo kuwaua bila kukausha chumba ni kazi ya kurudiwa. Sababu ya tatu, ambayo wengi huisahau, ni kwamba hakuna mdudu yeyote: kielelezo kikavu kimetikiswa wakati wa kuhamishwa, na magamba ya mbawa au vipande vya miguu vimeanguka. Vipande vya namna hii vina kingo zilizovunjika, wala si unga laini wa duara, na hakuna ngozi zilizovuliwa karibu yake.

Kama ni vijidudu, tenga droo nzima mara moja na usihamishe kielelezo kimoja kimoja kwenda droo nyingine. Ifunge ndani ya mifuko miwili ya polithini iliyozibwa kwa utepe, ukitoa hewa kadiri inavyowezekana, kisha iweke kwenye friza ya nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri kwa saa 72, au nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Baridi iingie haraka, maana mabuu yakipozwa polepole huweza kujizoesha na kupona. Kosa linalofanywa hapa ni kufungua mfuko mara tu unapotolewa: unyevu wa hewa hugeuka umande juu ya vielelezo baridi kama unavyofanya kwenye glasi ya maji baridi, na kesho yake unakutana na kuvu. Uache umefungwa kwa saa 24 ili umande utokee nje ya polithini.

Baada ya kugandisha, ondoa unga na ngozi zote kwa brashi laini na kifyonza vumbi chenye kichujio kizuri. Usiache mabaki, kwa sababu mwezi ujao hutaweza kutofautisha unga wa zamani na mpya. Mitego ya gundi kwenye sakafu na madirisha itakuonyesha vijidudu vinaingilia wapi, na kila kielelezo kipya, hata cha zawadi kutoka kwa mkusanyaji mwaminifu, kipite kwenye friza kabla ya kuingia chumbani. Ikiwa dalili zimo katika makabati zaidi ya mawili au matatu, acha kufanya peke yako. Shambulizi la chumba kizima linahitaji mtaalamu wa kudhibiti wadudu waharibifu katika makumbusho, anayejua kutumia gesi ya naitrojeni au joto lililodhibitiwa. Usifukize kwa dawa za nyumbani. Vipande vya plastiki vinavyotoa mvuke wa diklovosi vilitumika sana zamani, lakini mvuke huo una madhara kwa watu na huharakisha kutu ya pini.

Kuna weupe juu ya mwili au mbawa

Hapa ndipo papara huumiza zaidi, kwa kuwa vitu vinne visivyohusiana hufanana kwa macho matupu. Tumia kioo cha kukuzia na ukubali kutumia dakika kumi.

Kuvu ndiyo sababu ya kwanza. Huonekana kama nyuzi za pamba zilizotawanyika, hupita kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na mara nyingi huanzia kwenye vipapasio na maungio. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa muda, itaota. Kwa hiyo soma kipima unyevu kwanza. Kiini cha kutibu kuvu ni kukausha, wala si dawa: shusha unyevu hadi kati ya asilimia 40 na 50 kwa mashine ya kukaushia hewa au kwa chembe za silika, kisha, kuvu ikishakauka, iondoe kwa brashi nyembamba iliyochovywa kwenye ethanoli ya asilimia 70 hadi 80. Kukimbilia brashi ilhali kuvu bado ni mbichi huisambaza tu.

Sababu ya pili ni mafuta ya mwili yaliyojitokeza na kuganda juu ya ganda. Hayana nyuzi, yanang'aa kama nta, na hupatikana zaidi juu ya tumbo. Utatuzi wake umeelezwa mbele, katika sehemu ya mafuta.

Sababu ya tatu ni fuwele za naftalini au paradiklorobenzini, zilizotoka kwenye vidonge vya kufukuzia wadudu na kutua tena mahali penye baridi. Zina harufu, zina kingo kali zinazometa, na huyeyukia hewani zenyewe ukiacha droo wazi kwa siku chache katika chumba kinachopitisha hewa. Usizisugue.

Sababu ya nne ndiyo ile ya kerengende: unga wa asili. Baadhi ya kerengende, wadudu wanaofyonza maji ya mimea na mbawakawa wachache wenye pua ndefu huwa na nta au poda juu ya mwili. Ikiwa weupe umepangika sawasawa pande zote mbili na unafanana katika vielelezo vyote vya spishi moja, usiuguse.

Simama na kuita mtaalamu ikiwa kuvu imeenea kwenye droo nyingi, au ikiwa mtu yeyote anayefanya kazi humo ameanza kukohoa au kuwashwa macho. Kwa kazi ndogo, barakoa ya kuchuja chembe si hiari.

Ukijani unachipuka kwenye pini

Uvimbe wa kijani kibichi au wa bluu-kijani, ambao nyakati nyingine hufanana na sufi, hutokea pale pini inapoingia mwilini. Ni mazao ya shaba iliyomo ndani ya pini ikikutana na asidi za mafuta ya mdudu. Kwa hiyo lazima yawepo mambo mawili: pini yenye shaba, yaani nyingi za pini za zamani za shaba nyeupe au zilizopakwa, na mdudu mwenye mafuta. Nondo wakubwa na wadudu ambao mabuu yao hutoboa miti ndio huathirika zaidi. Unyevu huharakisha, lakini si chanzo.

Wengi hupima pini kwa sumaku, na matokeo huwapotosha: shaba haivutwi, lakini hata chuma cha pua cha aina nyingi hakivutwi. Angalia rangi ya ncha ya pini kwenye kioo cha kukuzia. Njano chini ya rangi iliyokwaruzika inakuambia jibu. Pini inayovutwa na sumaku na yenye madoa mekundu ina tatizo jingine, kutu ya kawaida ya chuma, ambayo hukata pini pale inapoingia kwenye povu la droo.

Hatua nyepesi ni kuondoa ukijani kwa kijiti cha mti na brashi yenye ethanoli. Hatua hiyo huchelewesha tu, uvimbe utarudi. Kwa kuwa unapokua hupasua kifua kutoka ndani, kielelezo muhimu kinapaswa kubadilishiwa pini kwa ile ya chuma cha pua ya urefu wa milimita 38. Kilainishe kwanza, kama ilivyoelezwa mbele, katika sehemu ya mbawa zilizoshuka, kisha izungushe pini taratibu kwa kibano huku ukishikilia kifua kutoka chini. Ikikataa kuzunguka, usiivute. Ziko maabara zinazopitisha umeme mdogo kwenye pini ili ipate joto na kulegeza mafuta yaliyoganda, lakini hiyo ni kazi ya mtu aliyefundishwa. Nimeshuhudia mkono wenye haraka ukigeuza nondo mzima kuwa vipande kumi na viwili ndani ya sekunde moja, na hakuna gundi iliyorekebisha lile. Pini za kale zenyewe wakati mwingine ni ushahidi wa nani alikusanya na lini, kwa hiyo iliyotolewa ihifadhiwe kwenye kibomba kidogo chini ya kielelezo hicho.

Mwili umeloa mafuta na mbawa zimekuwa nyeusi

Sababu ya kawaida ni mafuta ya tumbo yaliyosambaa hadi mbawani baada ya miezi au miaka. Kabla ya hapo, hakikisha kwamba huo si unyevu wa maji: gusisha kipande cha karatasi nyepesi, kisha kiache hewani. Doa la maji litakauka na kutoweka, la mafuta litabaki likipitisha mwanga.

Ikiwa ni tumbo pekee lililoloa, livunje taratibu, liloweke peke yake, kisha ligundishe tena. Hivyo mbawa hazihusiki kabisa. Mafuta yakishaenea, kielelezo kizima huzamishwa katika asetoni au ethili asetati, kikiwa kimetolewa lebo zake zote na kila kimoja kikiwa na namba yake. Badilisha kimiminika kila kinapogeuka njano hadi kibaki angavu, jambo linaloweza kuchukua siku moja au wiki nzima. Kikitolewa, pulizia manyoya ya kifua kwa hewa nyepesi yanapokauka ili yasigandamane.

Usijaribu haya katika hali mbili. Kielelezo kilichogundishwa kwenye kadi kinaweza kuachia ghafla, kwa hiyo jaribu tone moja kwanza pembeni. Na vimiminika hivi vinashika moto kwa urahisi sana. Bila kabati la kufyonza mvuke, mbali na cheche yoyote, kazi hii isifanyike kabisa. Jokofu la kawaida lenye swichi ndani halifai kuvihifadhia.

Mbawa zimeshuka, mwili unazunguka, miguu imekatika

Mbawa zikishuka wiki chache baada ya kutandazwa, karibu kila mara ziliondolewa kwenye ubao wa kutandazia kabla hazijakauka. Kipepeo wa wastani huhitaji wiki moja hadi mbili, na nondo mnene zaidi ya hapo. Gusa tumbo kwa ncha ya pini, na kama bado linapinda, subiri. Zikishuka baada ya miaka, mshukiwa ni unyevu.

Kulainisha upya hufanyika ndani ya chombo chenye kifuniko kinachobana, chenye mchanga uliolowa chini na chembe chache za thimoli za kuzuia kuvu. Kielelezo kisiguse maji. Wadogo huwa tayari kwa siku moja, wakubwa kwa siku mbili au tatu; kila siku jaribu bawa kwa kibano, na usilivute linapogoma. Nondo wa rangi ya kijani wasilainishwe hivi kwa muda mrefu, maana wengi wao hupauka kabisa wakipata unyevu.

Mwili unaozunguka kwenye pini unatibiwa kwa tone dogo la gundi inayoyeyuka katika maji, likiwekwa upande wa chini. Gundi kali za papo hapo zisitumike, kwa kuwa haziwezi kuondolewa baadaye. Kiungo kilichokatika kigundishwe kwenye kadi ndogo au kiwekwe katika kidonge tupu cha gelatini kwenye pini ileile. Usikirudishe mwilini kwa kubahatisha. Mguu uliopachikwa kwa mdudu asiyekuwa wake ni uongo utakaosomwa na watafiti kwa miaka.

Rangi imepauka au imebadilika

Mwanga ndio mshukiwa wa kwanza, na madhara yake hayarudi nyuma. Vielelezo vya maonyesho vilindwe kwa mwanga wa takriban luksi 50 usio na miale ya urujuanimno, na vya utafiti vikae gizani. Bluu inayometa ya baadhi ya vipepeo hutokana na umbo la magamba, si rangi ya kemikali, kwa hiyo hudumu zaidi. Njano na kijani ndizo hutangulia kufa.

Mabadiliko mengine yalianzia siku ya kuua. Nyigu wa njano aliyekaa muda mrefu kwenye chupa ya sianidi huweza kuwa mwekundu, na asiyejua huandika spishi mpya. Kerengende hupoteza rangi kwa kuoza ndani. Akiloweshwa katika asetoni kwa saa 12 hadi 24 mara tu baada ya kufa, huhifadhi kiasi kikubwa cha rangi. Kwa aliyekwisha kupauka hakuna tiba.

Sakafu ya droo imeyeyuka au kuna madoa ya majimaji

Paradiklorobenzini hula povu la polistirini, na ikichanganywa na naftalini vyote viwili huyeyuka na kudondoka juu ya lebo. Ondoa kemikali zote, pitisha hewa, na badilisha sakafu kwa povu la polithini. Binafsi sioni sababu ya kuendelea na mojawapo katika chumba kilicho na friza na droo zinazobana, kwa kuwa zote mbili zinashukiwa kusababisha saratani.

Vielelezo vya majimaji vimekauka, vimetiwa weusi au vimekuwa na ukungu ndani ya chupa

Kiwango kikishuka, usijaze tu. Ethanoli huyeyuka haraka kuliko maji, hivyo kilichobaki ni dhaifu, na kukiongezea kidogo huacha mchanganyiko usiofika asilimia 70. Pima kwa haidromita, kisha urekebishe, au mwaga yote na kuweka mpya ya asilimia 70 hadi 80. Kagua kizibo: mpira hukauka na kupasuka, na cha polithini hudumu zaidi.

Mabuu meusi yalitumbukizwa yakiwa hai kwenye pombe baridi, ambayo huingia polepole huku vimeng'enya vya utumbo vikiendelea kufanya kazi. Hayatibiki; yajayo yaoshwe kwanza kwa maji yanayokaribia kuchemka kwa muda mfupi, kisha yahamishiwe kwenye pombe, na pombe hiyo ibadilishwe baada ya siku moja au mbili. Sampuli zinazokusudiwa kuchunguzwa vinasaba ziepushwe na maji ya moto na ziwekwe moja kwa moja kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, mahali penye baridi.

Chupa ya zamani isiyojulikana ina nini isinuswe. Inaweza kuwa na formalini, na kuifungua bila kabati la kufyonza mvuke ni kujiumiza. Vilivyokauka kabisa vipelekwe kwa mtaalamu wa kurejesha unyevu, kwa sababu kuviongezea pombe huviacha vikiwa vimesinyaa.

Lebo haisomeki au imepotea

Wino wa printa ya leza hubanduka ndani ya pombe na kuelea vipande vipande. Kwa majimaji tumia wino wa kaboni usiofutika, ulioandikwa au kuchapwa na kukaushwa kabisa kabla ya kuzamishwa. Karatasi iliyogeuka njano na kukatika ina asidi. Iache ilipo na uongeze nakala kwenye karatasi isiyo na asidi chini yake, wala usiondoe ya kwanza hata kama ina makosa ya tahajia. Tarehe iandikwe mwezi kwa namba za Kirumi ili siku na mwezi visichanganywe.

Lebo iliyoanguka sakafuni mwa droo isichomekwe kwenye kielelezo kilicho karibu kwa kuwa tu kinaonekana kukosa yake. Linganisha daftari la kuingizia vielelezo, picha za awali, tundu la pini na ukubwa wake, na mfanano na vielelezo vya mfululizo huo. Usipopata uthibitisho, iweke kwenye bahasha ndani ya droo ileile, andika tarehe na jina lako juu yake, na uache kielelezo bila lebo.